Mwanangu Anataka Kuhama na Jirani

Bwana Mhariri na wasomaji wa ukurasa huu, salaam. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, Mwislamu, nakaa chumba cha kupanga Kashai hapa Bukoba. Nilisoma hadi darasa la nne, ndiyo maana barua hii naiandika mwenyewe. Nina mtoto mmoja wa kiume, anakaribia miaka mitatu. Baba yake alivuka kwenda Uganda mimba ikiwa ya miezi mitano, na talaka ikanifuata kwa barua. Msinionee huruma kwa hilo, nilishalizoea.

Kazi yangu ni kuchambua buni za kahawa. Tunakaa wanawake kwenye meza ndefu ndani ya ghala, tunatoa mbovu na zilizovunjika, nzuri zinaingia magunia. Zamani waliojifungua walikuja na watoto wao mgongoni. Halafu mtoto wa mwenzetu mmoja akajisukumia buni puani, ikavimba humo humo, akakimbizwa kwa daktari. Kesho yake Mzungu msimamizi wa ghala akatoa amri, na nyapara akasimama mlangoni kutusomea. "Mwenye mtoto mchanga abaki naye nyumbani," alisema. Wakati huo wangu alikuwa hajatimiza miezi mitatu.

Kubaki nyumbani maana yake ilikuwa kurudi kwa kaka yangu Ijuganyondo. Kibanja cha baba amerithi yeye, mimi sina hata mgomba mmoja. Mke wake aliwahi kuniambia mbele ya wageni, "Wifi, siku ukirudi utalala jikoni, chumba chako tumeweka mbuzi." Akacheka, nami nikacheka. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kwetu ni Kashai, na bila kazi hata hicho chumba cha Kashai sina.

Jirani yangu wa mlango wa pili, aliyenizidi kama miaka kumi, alikuwa amejifungua binti wiki chache kabla yangu. Aliponiona nimeshika tama kibarazani akasema, "Niletee mimi. Maziwa yangu yanatosha wawili. Wewe utanisaidia kuni na kumenya ndizi ukirudi." Nikampelekea. Siku za mwanzo kifua kilikuwa kinalowa pale mezani mpaka khanga inanata, wenzangu wakinitania kwamba nimejimwagia uji. Baada ya mwezi maziwa yakapungua, halafu yakakauka. Nilimuuliza mwalimu wa msikitini kama nimekosa. Akasema sijakosa, ila nijue huyo sasa ni mama yake wa kunyonya, na yule binti ni dada yake, hawataweza kuoana kamwe. Nikamshukuru, nikaenda kazini.

Mtoto akakua, hata usiku akawa analala huko huko. Alianza kutembea nikiwa kazini, nikaambiwa. Neno lake la kwanza alilitamka nikiwa kazini, nikaambiwa pia. Lilikuwa "mawe," yaani mama kwa Kihaya, na alikuwa anamwita jirani. Jumapili akija kwangu anakaa kidogo, kisha anasimama mlangoni kama mgeni anayetaka kuaga. Jirani humrudisha. "Nenda kwa mama yako," anamwambia. Anarudi, anakaa, anatazama mlango.

Sasa mume wa jirani, fundi mwashi, ameachiwa kibanja na marehemu baba yake huko Muleba, na mwezi ujao wanahama. Jirani alikuja kwangu, akakaa mkekani, akalia kabla hajasema neno.

"Mdogo wangu, mimi sikunyang'anyi," alisema. "Lakini huyu asiponiona hali chakula. Ukinipa nitamlea na dada yake, na kila Idi utakuja umuone. Ukikataa nitakuachia, ni wako. Ila sijui saa za kazi utamwacha na nani."

Nikamwambia nitafikiri. Yeye alikuwa anafuta machozi, mimi nilikuwa natazama ukucha wangu uliovunjika.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sijamwambia mtu. Yule Mzungu alirudi kwao Ulaya mwaka jana. Aliyekuja baada yake akajenga kibanda uani, akamweka bibi mmoja wa kuangalia watoto wakati mama zao wanachambua. Wenzangu karibu wote wanawaleta. Wangu sikumleta hata siku moja, na jirani sikumwambia kama kibanda kipo. Nilijidai kwamba ameshazoea huko, nisimsumbue. Ukweli ni kwamba nilishazoea kutembea mikono mitupu. Natoka asubuhi nimejifunga khanga yangu vizuri, narudi, namenya ndizi za jirani, nalala.

Kwa hiyo nikitaka, naweza kubaki na kazi na mtoto pia. Nimeliwaza hilo wiki mbili. Natafuta uchungu moyoni, siuoni. Nadhani nampenda. Nikimtazama anavyotafuna muhogo kwa shavu moja napata furaha kidogo. Lakini nikimfikiria juu ya lori anakwenda Muleba silii, na hilo linanitisha kuliko safari yenyewe.

Juzi mtoto alinikuta namenya ndizi, akachuchumaa karibu yangu. Akaniuliza kama nitakwenda kuwatembelea. Nikamwambia nitakwenda. "Uje na miwa," akasema, akakimbia.

Wasomaji, hasa akina mama mliowahi kuacha watoto mkaenda kazini, naomba shauri lenu. Nimzuie, alie hapa kwangu mpaka anizoee, au nimwache aende na mama anayemjua? Semeni hata kwa ukali, nitasoma yote.

Nawe Bwana Mhariri, nakuomba sana usilichape jina langu. Hapa Kashai watanitambua mara moja. Tena jina hilo ndilo mwanangu analoniita, kwa kuwa ndilo analosikia jirani akiniita. Hajawahi kuniita lingine.