Mama Mitego na Nzi Mgeni

Hapa kilimani tunamwita Mama Mitego. Kila wiki hukagua makopo ya kunasia nzi wa matunda yaliyoning'inizwa kwenye miparachichi. Zamani wanunuzi wa ng'ambo walikataa matunda ya nchi nzima kwa sababu ya nzi hao. Baadaye walikubali kwamba kwenye baridi yetu hawazaliani, wakaturuhusu sisi peke yetu, mradi mitego ikaguliwe na tunda lolote la bondeni lisivuke kizuizi cha barabarani.

Asubuhi moja alimkuta nzi kwenye mtego ulio nyuma ya jiko lake mwenyewe. Akamtazama kwa lenzi: mabawa yana michirizi. Ndiye.

"Mtupe huko," alisema shemeji yake, jirani wa ua kwa ua, ambaye parachichi zake zilikuwa tayari kwenye kreti. "Nzi mmoja! Kapotea njia tu."

"Njia ipi, shemeji? Hiyo ndiyo naitaka."

Kama nzi amezaliana mashambani, kilima kizima kingefungiwa. Kama ameletwa, yangefungiwa mashamba ya jirani na alipopatikana tu.

Alipasua parachichi zilizoanguka, moja baada ya nyingine. Safi. Akahamia shimo la taka, kuku walikokuwa wakigombania ganda la pera. Huku juu mapera hayaoti. Alipochokoa udongo chini yake, akaona vifuko vya mabuu wa nzi, vya kahawia kama punje za mchele, vingine vimepasuka na vitupu.

Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka bondeni mwezi uliopita kumwona mjukuu, mtoto mchanga wa Mama Mitego, na bado alikuwapo.

"Mama, mapera yalipitaje kizuizini?"

"Chini ya nepi. Nani atapekua nepi? Ulitaka nije mikono mitupu?"

"Mtoto mwenyewe hana meno!"

"Mama yake anayo."

Mama Mitego alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akampigia simu mkaguzi wa wilaya. Mkaguzi alichora duara kwenye ramani, katikati yake shimo lile la taka. Malori ya kilima yaliruhusiwa kuondoka. Shamba lake na la shemeji yalibaki ndani ya duara msimu mzima, na shemeji aliondoka bila kuaga.

"Na huyo nzi mwenyewe yuko wapi?" mama mkwe aliuliza.

Akapewa chupa alimowekwa nzi, na lenzi. Alitazama kwa muda mrefu, akigeuza chupa huku na huku.

"Kumbe ana madoa mgongoni," alisema. "Miaka yote nimekuwa nikiwafukuza tu."