Mdhamini wa Fidla

Baba yangu hakuwa na ugomvi na muziki. Watu wakisikia kwamba binti wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, wa nyumba yenye duka la khanga na iliyopakana ukuta na madrasa, amesomea fidla chuo kikuu, hudhani mzee alinitimua kwa bakora. Wapi! Kwenye maulidi yeye mwenyewe ni mpiga dufu, na akikolea hakuna wa kumnyang'anya. Ugomvi wake ulikuwa na deni.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma shahada ya muziki Dar es Salaam. Ada hatukuwa nayo, kwa hiyo nilihitaji mkopo wa serikali, na fomu ya mkopo ilitaka mdhamini. Mdhamini wangu angekuwa nani kama si baba? Nikamwekea fomu juu ya meza ya duka. Akaisoma yote, mbele na nyuma, akasema, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Kisha akamgeukia mteja.

Kwetu, kabla maiti hajaswaliwa, mmoja wa jamaa husimama akauliza kama kuna anayemdai marehemu. Siku ya babu swali liliulizwa, na hakujitokeza mtu. Baba huutaja ukimya ule kama wengine wanavyotaja minazi waliyorithi. Na mimi sasa nilikuwa namtaka autie doa kwa ajili ya fidla, tena fidla kuukuu niliyoachiwa na mjomba.

Lakini mfanyabiashara hakatai kabla hajapima. Akanihoji palepale dukani, wateja wakisikia: ukimaliza nani atakuajiri, atakulipa nini, mkopo utakata nini, wewe utabaki na nini? Nikamjibu: shule, hoteli, harusi, studio. Akasema hayo ni majina ya mahali, yeye ameuliza habari ya pesa. Kesho yake tukaenda Kerege kwa kijana aliyesoma shahada hiyohiyo, aliyekuwa akifundisha muziki shule ya binafsi. Baba hakuzunguka mbuyu. Baada ya salamu na chai alimuuliza mshahara wake kama anavyouliza bei ya doti ya khanga.

Yule mwalimu alikuwa mkweli kuliko nilivyotaka. Alisema mshahara humfikia ukiwa umeshang'atwa na mkopo, na kinachobaki kinaishia kwenye kodi ya chumba na chakula. Cha ziada hutoka kwenye harusi, na Ramadhani ikiingia harusi hakuna. Baba akamuuliza kama anajuta. Akacheka, akasema hujuta kila mwezi unapoelekea ukingoni, mshahara ukiingia hutubu.

Tulirudi Bagamoyo. Mimi hasira zangu ziko karibu, na tulipoingia dukani zilinishinda.

"Baba, hata nikisomea uhasibu nitakopa vilevile, na kazi naweza kuikosa vilevile. Mtoto wa shangazi ana shahada ya uhasibu, na si anaendesha bajaji?"

"Yeye kakosa kazi, kapata bajaji. Wewe ukikosa?"

"Nitapiga fidla. Yeye nani atamwita harusini akapige hesabu?"

Baba alinikazia macho, nikajua nimevuka mpaka. Aliyeniokoa ni mama, aliyekuwa akikunja khanga pembeni. Alicheka mpaka akakaa chini. Mama si msemaji, ila akifungua kinywa jiandae.

"Hebu nikuulize, bwana," alimwambia baba. "Duka hili ulilianza na nini?"

"Si unajua."

"Najua. Nataka mwanao asikie."

Baba akasema alianza na mali kauli. Tajiri mmoja wa Kariakoo alimpa robota zima la khanga bila kupokea hata shilingi, kwa neno lake tu, auze ndipo alipe.

"Tajiri yule alikuwa mjinga?"

"Mjinga wapi! Aliniamini."

"Haya. Mali kauli hapewi mtu wa hovyo. Mwanao ameaminiwa na serikali, wewe unaona haya. Aibu si kukopa, bwana. Aibu ni kulala na mali ya watu."

Baba alipanga upya khanga zilizokwisha kupangwa, halafu akaniambia, "Lete hiyo fidla." Hakuwahi kunisikia nikipiga wimbo mzima, maana nilipiga harusini tu, na harusi zetu wanawake hukaa kwao na wanaume kwao. Nikasimama katikati ya duka nikapiga kasida anayoipenda. Wapita njia wakajaa mlangoni. Baba alianza kugonga meza kwa vidole, taratibu, akinishikia mwendo, na nilipomaliza akavuta fomu akatia saini.

"Usije ukanilalia," alisema.

Sikulala. Leo nafundisha muziki shule moja kwenye barabara ya Dar, na sitadanganya, wenzangu waliosomea benki wananiacha mbali kwa mshahara. Lakini kuanzia Bunju hadi Bagamoyo, bibi harusi anayejipenda hapangi siku bila kuniuliza kama nina nafasi. Hata Lugoba wameniita. Mshahara ulikatwa kila mwezi, na juu yake nikapeleka mwenyewe sehemu ya kila harusi ili deni liishe upesi. Kulipa kwangu hakukuwa matanga hata kidogo. Nimelipa kwa taarabu, nimevaa dera jipya na hina mikononi, na nalisema hili kwa kiburi chote nilichonacho.

Mwaka huu deni limekwisha. Siku nilipopata uhakika nilikwenda moja kwa moja dukani. Kulikuwa na wateja, sikuwajali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Deni limekwisha."

Akaacha kupima kitambaa. "Hudaiwi hata senti?"

"Hata senti."

Akasema alhamdulillahi, akamtazama mama, akawatazama wateja mmoja mmoja kuhakikisha kila mtu amesikia. Nikadhani ataniambia nikapumzike.

"Na huo muziki," akaniuliza, "una shahada ya pili?"

"Ipo, baba."

"Basi kakope tena. Mdhamini yupo."