Miche Niliyoiua kwa Haraka ya Sabato

Nakumbuka Ijumaa moja kule Gesima, mwanangu, nilipoiua miche ya chai ya baba yangu huku nikiimwagilia maji.

Ilikuwa miaka ya sitini, chai ikianza kuingia katika mashamba ya wakulima wadogo. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa kitandani, kifua kimemshika. Miche ile aliikuza mwenyewe kitaluni, na hamu yake iliyobaki ilikuwa kusikia imeshika shambani. Aliniagiza niipande jioni, nikate kila jani nusu, kisha nichomeke matawi ya kangaga, lile gugu la porini, kuitia kivuli.

Sisi ni Wasabato. Ijumaa jua halitui ukiwa na kazi mkononi, maana Sabato huanza hapo. Nilikuwa na chakula cha kesho cha kupika na nguo za kupiga pasi, basi nikapanda saa sita mchana. Majani yalikuwa mazuri, nikaona kuyakata ni uharibifu. Kivuli nikasema nitaweka Jumapili. Maji nilimwaga ndoo kwa ndoo, nikajisifu.

Sabato jua liliwaka tangu asubuhi, nami niliimba kanisani bila wasiwasi. Jumapili nikakuta miche imelala, majani yanavunjika mkononi, na udongo chini bado umelowa.

Tata hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alinituma kitaluni, kwenye miche michache iliyosalia, niingize kitawi kibichi, bila kukikata, ndani ya chupa ya jemu na kuiziba mdomo kwa kitambaa. Kufikia mchana chupa ilijaa matone, nikarudi kumwambia.

"Hayo yametoka kwenye majani, Moraa," alisema. "Jani hutoa maji mchana kutwa, na mizizi huleta mengine. Ukiing'oa miche, mizizi hukatika, haivuti upesi. Wewe ukaiachia majani yote juani."

"Nisamehe, Tata."

"Iliyobaki ipande vizuri."

Niliipanda jioni, majani nusu, kangaga juu. Ilishika. Tata tulimzika kabla haijatoa jani jipya. Chai ile nimeichuma miaka yote hii, na bado naona uchungu nikifika mstari wa kwanza.

Mwanangu, aliyeolewa juzi, aliyefiwa, aliyehamia ugenini, hao mizizi yao imekatika. Usidanganywe na sura nzuri. Wapunguzie kazi na uwatilie kivuli siku hiyo hiyo, usingoje Jumapili. Nawe Mungu akufunike, jua lisikupate mpaka ushike.