Habari Iliyochezwa Harusini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilimwona askari akiicheza habari ambayo serikali yake ilikuwa imeipiga marufuku. Ilikuwa video ya harusi. Mwandishi aliyeikimbia nchi hiyohiyo aliniwekea simu mezani, hapa kwangu Kongowe ya Kibaha, akasema, "Tazama, Mama Neema. Anaitikia mpaka kiitikio."

Nianzie mwanzo, maana haraka haraka haina baraka.

Mwandishi huyo nitamwita Deo. Kwao, nchi ya jirani nisiyoitaja, alikuwa na kipindi redioni. Redio ikafungwa, akaondoka na begi moja, akapanga chumba karibu na kwangu. Mimi nami nimekula mkate wa utangazaji maisha yangu yote, basi tukawa kama ndugu. Kilichomnyima usingizi ni mto wa kijijini kwao. Mgodi ulio upande wa juu wa mto ulikuwa umebadilisha rangi ya maji, na wanaoyanywa walikuwa wanaugua. Dada yake Josefina na wanawe waliteka humo kila asubuhi. Deo alikuwa na picha, na wauguzi wawili waliomthibitishia. Akaandika vizuri, akatuma mtandaoni. Tovuti ikazimwa kule. Waliobaki kuisoma ni wakimbizi wenzake, ambao maji ya mto ule hawayanywi.

"Josefina hasomi tovuti," akaniambia. "Anasikiliza muziki. Kijiji kizima kinasikiliza muziki."

Sikio halilali na njaa, mwanangu. Nikampeleka Kisarawe kwa Bi Tatu, manju wa mdundiko, yule anayewaongoza waimbaji ngoma inapozunguka mitaa siku za sherehe. Watu wa huko wanajua: ukiwa na jambo lako, mdundiko ukipita mlangoni utalisikia, wala jina lako halitatajwa.

Tulikwenda na wimbo tayari. Tuliutunga sisi wenyewe, waandishi wawili wazoefu, tukajiona tumeweza. Deo akauimba kwa sauti nzito: "Kwa mujibu wa vyanzo vya kuaminika, wakazi wa mkoa huo..."

Bi Tatu akashika kiuno. "Subhana! Huu wimbo au taarifa ya saa mbili usiku? We baba, hapo mtu atainua mguu saa ngapi?"

"Na hali ya hewa je?" akadakia mpiga ngoma mmoja, wenzake wakavunjika mbavu.

Deo naye akacheka. Ndipo bibi akamwuliza, "Kwenu maji anateka nani?"

"Dada yangu."

"Basi anza na ndoo yake. Wewe umeanza na mkoa. Mkoa una kiuno?"

Wakakaa chini, yeye na Deo. Kiitikio kikawa mwanamke anaiuliza ndoo yake kwa nini leo imevaa nguo ya kutu. Beti Deo akazitunga kwa lugha ya kwao, kiitikio wakakiacha kwa Kiswahili. Kila ubeti ulibeba jambo moja lililothibitishwa: rangi ya maji, sehemu ya mto, dalili za ugonjwa, kisima cha kanisa ambacho bado ni salama. Baadaye mtayarishaji mmoja wa Mlandizi akautia wimbo kasi ya singeli, ule muziki wa mbio wa vijana.

Lakini kabla ya hapo palitokea mvutano. Bi Tatu alibuni ubeti wa mama anayemzika mwanawe aliyekunywa maji yale. Alipouimba, nilitafuta upande wa kanga nijifute machozi, na waimbaji nao walilia. Deo peke yake alitikisa kichwa.

"Mama, mtoto huyu simjui. Watu wameugua. Kwamba kuna aliyekufa, sijathibitisha."

"Lakini si umeona wanavyolia?"

"Ndiyo maana naogopa. Wakimtafuta wasimpate, hata ndoo hawataiamini."

"Haya, mwenye kilio chako ni wewe," akasema Bi Tatu, akaufuta ubeti wake mtamu kuliko zote. Nimekaa na wahariri wengi, mwanangu. Si wote wangeuacha ubeti ule.

Wimbo ukavuka mpaka ndani ya simu za madereva wa malori. Ukapigwa kwenye vibanda vya vinyozi, ukafika harusini, askari akaucheza. Wenye amri walipong'amua kuwa ile ni habari, watoto walikuwa wameshaijua kwa moyo. Josefina akatuma sauti: "Kaka, sasa tunateka kanisani. Wanangu wananiimbia ndoo mpaka nachoka."

Nasaha yangu ni hii. Ukiwa na neno la kweli na mlango umefungwa, usikonde ukiupiga mateke. Wafuate watu wanakochezea, ukazungumze kwa ladha wanayoipenda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ila ukiinama, ukweli usikudondoke, kwani njia ya mwongo ni fupi, hata ikipigiwa ngoma. Mola akupe ulimi mtamu, na moyo usioongeza chumvi.

Deo bado yuko hapa Kongowe. Wiki iliyopita alipokea ujumbe wa sauti kutoka kijiji kilicho chini zaidi, mto unakoelekea, kisicho na kanisa wala kisima. Mwanamke anasema wimbo umewafikia na wameuelewa. Anauliza, sasa wanywe nini? Deo ameusikiliza mara nyingi. Asubuhi hii amewapigia tena wale wauguzi wawili, awaulize maji salama yako wapi.