Kitanda Kilichogoma Kwenda

Hospitalini wanamwita Mama Breki, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Kila asubuhi hutia mafuta magurudumu ya vitanda vya wagonjwa, kisha huwahubiria wasukumaji wenzake: mzigo mzito haushtuliwi, egemea, sukuma bila kukoma, wenyewe utashika kasi. Na breki, jamani, fungueni breki kwanza!

Basi siku binti yake alipoletwa, uchungu umepamba moto na mtoto kalala vibaya tumboni, daktari akasema chumba cha upasuaji, upesi. Mama Breki akashika kitanda, akasukuma. Hakikusogea. Akasukuma tena mpaka viatu vikateleza sakafuni. Mjukuu wake yumo tumboni humo!

"Mama," binti alisema huku ameuma meno, "breki."

Mganga hajigangi. Akaipiga breki teke, kitanda kikang'oka, lakini kikawa kinajikokota. Kutazama, kumbe mkwe wake, pande la mtu, amemshika mkewe mkono na kukiegemea kitanda kwa uzito wake wote, analia kwa kwikwi.

"Baba, hapo unanisaidia au umepanda?"

"Nimemshika mke wangu, mama!"

"Mshike kwa macho! Njoo nyuma huku usukume!"

Akaja. Lo! Mzigo umepungua, nguvu imeongezeka, kila hatua ikawa ndefu kuliko iliyotangulia, na watu wakajibanza ukutani kuwapisha. Binti, katikati ya maumivu yake, akacheka. "Mtanimwaga!" Mama Breki akaanza kukizuia kitanda mapema, maana kitu kilichokwisha kushika kasi hakisimami kwa kuambiwa. Kikatua mlangoni taratibu kabisa.

Wauguzi wakampokea binti, wakakirudisha kitanda nje kitupu. Mama na mkwe wakabaki wameegemea ukuta. Kusubiri kulimchosha Mama Breki kuliko kusukuma.

Ndipo ikatoka sauti kali, ya mtu aliyeamshwa bila ridhaa yake. Muuguzi akachungulia. "Wote wazima. Ni msichana."

Mama Breki akaruka kwa shangwe. Mkwe akamdaka, akampandisha kitandani, na kabla hajakataa akaanza kumsukuma kuelekea wodini wakatoe habari, mbio, kapagawa kwa furaha. Miaka yote ile kazini, hakuwahi hata siku moja kupandishwa yeye.

"Polepole, baba!" alipiga kelele, machozi na kicheko vikigombania uso mmoja. "Umempakia bibi mwenye mjukuu!"