Swichi Nyekundu Nyuma ya Kompyuta ya Baba

Kosa ni langu, jamani. Si la umeme, si la mashine, wala si la marehemu baba yangu. Nimelibeba peke yangu miaka yote na sasa nimechoka.

Baba alikuwa mwalimu mstaafu, nyumbani kwetu Maji ya Chai. Kompyuta za mtumba zilipoanza kuingia nchini, kaka yangu alimletea moja kutoka Ulaya. Baba akaanza kuchapa historia ya ukoo wetu, aliyoikusanya kwa wazee wa Kimeru ambao wengi walishazikwa. Akimaliza kuchapa daftari moja, anampa mama awashie moto. "Humu ndani haliliwi na mchwa," anasema, huku anaipapasa kompyuta.

Basi ikaanza kujizima. Nusu saa tu, kimya! Baba akasema, "Mwanangu, tumsubiri fundi wa Tengeru."

Nikacheka. Nilikuwa nimesoma kozi ya wiki sita mjini, najiona fundi kweli kweli!

Nyuma niliona kiswichi chekundu cha kuchagua volti za umeme, kimeandikwa 230. Nikawaza, umeme wetu wa huku ni mdogo, hata balbu zinafifia, ndiyo maana mashine inakosa nguvu. Nikakisukuma mpaka 115, bila kumwambia baba nimegusa nini, ili iridhike na kidogo tulicho nacho. Mjinga mimi!

"Baba, washa sasa!"

Akabonyeza. Paa! Moshi ukajaa sebuleni.

Fundi alipofungua, alikuta feni imezibwa na vumbi. "Ilikuwa inajizima kwa joto tu. Brashi ingetosha," akasema. "Sasa imewekwa 115 ikapigwa na umeme wa 230, hata diski yenye maandishi imeungua, hakuna cha kuokoa. Nani alihamisha hii swichi?"

Nikanyamaza. Ole wangu, nilinyamaza!

"Itakuwa ni mimi," baba akasema. "Niliigusa nikipangusa. Uzee huu."

Akanunua daftari jipya, akaanza upya kwa mkono. Alifika kwa babu wa tatu, majina yakamkataa. Wageni wakija anawaambia, "Historia ya ukoo niliiua kwa kidole changu." Mimi nipo hapo hapo, namimina chai! Alifariki akiamini hivyo.

Ndugu zangu, usichokijua usikiguse. Na ukishaharibu, sema siku hiyo hiyo, mwenyewe akiwa bado anakusikia. Mimi nilikuja kusema migombani, pale tulipomzika. "Baba, ni mimi." Nimemwambia mara nyingi mno, na kila mara narudi ndani na daftari lake liko pale pale, kwa babu wa tatu.