Nilimulisha Dada Yangu Maneno

Kosa ni langu, sitamutupia mutafiti. Yeye alikuja huku Muheto kutoka Goma na Kifaransa chake, akitafuta wanawake wanaopenda wanawake wenzao, aelewe maisha yao. Kihunde, luga yetu, hakijui. Mimi njo nilikuwa namutafsiria, na mimi njo nilimupeleka kwa dada yangu Furaha.

Furaha alikuwa anaishi na Odeta, nyumba moja, shamba moja la maharagwe. Watu waliwaita marafiki, ikaishia hapo.

Mutafiti akauliza, nini kilikufanya uwe hivi? Furaha akacheka kidogo.

"Hakuna kitu kilinifanya. Niko hivi tangu usichana wangu. Nampenda Odeta, basi."

Nikaona haya. Nikawaza mutafiti atarudi Goma akisema familia yetu ilizaa muntu mubaya. Nikatafsiri, "Anasema wenye silaha walimubaka, tangu pale anaogopa wanaume."

Mutafiti akaitika kwa kichwa. Njo jibu alikuwa analingojea. Huku kwetu vita inaeleza kila kitu, hakuna anayeuliza mara ya pili!

Kazi ilipokwisha, alirudi kutusomea matokeo mu sali, ule ukumbi wa parokia. Jina hakutaja. Alisema tu, na mimi nikatafsiri, mukulima mumoja anayeishi na mwenzake, alibakwa. Sali nzima ikamugeukia Furaha.

Toka pale wamama wa maombi hawakumuacha. Walikuwa wanamuwekea mikono kichwani, wanamubembeleza asamehe wanaume ambao hawakuwepo. Odeta wakamuita shetani anayekula mugonjwa. Mama yetu, aliyekuwa kitandani, aliposikia alilia mupaka akafa.

Wale wawili wakahamia Itebero. Nilipiga simu kwa mutafiti, nikamuambia ukweli. Akajibu ripoti ilishatoka. Nikamufuata dada kwa miguu, nikaungama yote. Hakupandisha sauti.

"Ungekataa kutafsiri, ningekuelewa," alisema. "Mama alikufa analilia kitu ambacho hakikunipata. Nilimuambia hakikunipata, akasema naficha. Alikuamini wewe."

Odeta akanifungulia mulango nitoke. Mupaka leo Furaha hashiki simu yangu.

Wewe unayeuliza, ao unayetafsiri, usimutafutie muntu sababu. Akikuambia yeye ni nani, sema vile alisema. Mimi nilijifanya namuhurumia, kumbe nilimuonea haya.